Mtihani wa Chuo cha Mbali Kutoka Goma: Njia za Usimamizi na Maandalizi Yake

Usimamizi wa mtihani wa mbali ni utaratibu unaokiwezesha chuo kikuu kuhakikisha mambo matatu: kwamba anayejibu maswali ndiye aliyesajiliwa, kwamba hasaidiwi na mtu wala kitu kisichoruhusiwa, na kwamba maswali hayavuji. Katika chuo chenye ukumbi kazi hiyo hufanywa na mlango, dawati na mwalimu anayepitapita katikati ya safu. Mwanafunzi anayesoma kwa intaneti kutoka mitaa ya Goma kama Himbi, Ndosho au Majengo hana ukumbi huo, hivyo chuo humwekea mbadala: kamera, programu ya kompyuta, kituo kilichoidhinishwa, au mtu wa kuaminika aketi naye chumba kimoja.

Mbadala hizo zilibuniwa kwa ajili ya miji ambako umeme haukatiki na benki hufunguliwa kila asubuhi. Goma, mashariki mwa Kongo, ina hali yake. Umeme unategemea kampuni zaidi ya moja na hukatika bila taarifa, intaneti ya wengi ni ya simu, nyumba nyingi ni za mbao na mabati, na tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025 huduma za benki zimevurugika. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Goma, njia inayofaa si lazima iwe ile ya kisasa zaidi wala ile isiyo na gharama. Ni ile ambayo umeme ukizimika katikati ya mtihani, mtihani haufi. Na wakati wa kuichagua ni kabla ya kujisajili, kwa sababu ada ikishalipwa, ratiba na masharti ya chuo hubadilika kwa shida.

Njia tano zinazotumika

Njia ya kwanza ni msimamizi anayetazama moja kwa moja kwa kamera. Mojawapo ya kampuni zilizoieneza ni ProctorU ya Marekani, iliyoanzishwa 2008. Mwanafunzi huweka miadi, na saa ikifika hukutana kwenye skrini na mtumishi wa kampuni. Huonyesha kitambulisho, huizungusha kamera chumbani ili kuta, meza na sakafu vionekane, kisha huruhusu skrini yake itazamwe mpaka mwisho. Ubora wa njia hii ni kwamba kuna binadamu wa kuzungumza naye: mlio wa jenereta ukisikika au mtoto akigonga mlango, maelezo yanaweza kutolewa papo hapo. Udhaifu wake ni kiu ya intaneti. Video inayopakiwa kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde hula megabaiti 225 kwa saa. Mtihani wa saa tatu hivyo humaliza karibu megabaiti 675, bila kuhesabu maswali yenyewe, ukaguzi wa mwanzo na muda wa kuunganisha upya baada ya kukatika. Ubora wa video ukipanda mara mbili, matumizi nayo hupanda mara mbili. Tena kinachohesabiwa hapa ni kasi ya kupakia, na kwenye mitandao ya simu kasi hiyo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kupakua. Mtu anayetazama filamu bila shida anaweza kushangaa video yake mwenyewe inagoma kwenda.

Njia ya pili ni kurekodiwa na programu bila mtu kutazama saa ileile. Respondus Monitor na Proctorio ni mifano yake. Programu hurekodi uso, sauti na skrini, kisha huweka alama mahali ilipoona jambo la kutilia shaka: macho yaliyogeuka, sauti ya pili, uso uliotoweka. Mwalimu huzipitia alama hizo baadaye, au hazipitii. Mwaka 2021 ProctorU yenyewe ilitangaza kuacha kuuza huduma inayotegemea akili unde peke yake, ikieleza kwamba alama nyingi hazikaguliwi na binadamu ipasavyo. Kwa nyumba za Goma hatari ni dhahiri. Mvua ikianza kupiga mabati, maikrofoni haisikii kingine, na nyumba ya mbao huleta maongezi ya jirani ndani kana kwamba yupo chumbani. Yote hayo programu huyaandika kama sauti za watu wengine au kelele zisizoeleweka.

Uso wenyewe nao umeleta mashauri. Mwaka 2022 Robin Pocornie, mwanafunzi mweusi wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alilalamika mbele ya Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi kwamba programu ya usimamizi ilishindwa mara kwa mara kuutambua uso wake mpaka alipoelekeza taa kali usoni. Desemba mwaka huo Taasisi iliona dalili zinatosha kukitaka chuo kithibitishe kwamba hakuna ubaguzi. Oktoba 2023 iliamua kwamba ubaguzi haukuthibitika katika kesi hiyo. Fundisho la kivitendo halikubadilika: mwenye ngozi nyeusi anayefanyia mtihani kwenye chumba chenye giza yumo hatarini kufungiwa na programu, na taa ya mbele ni kifaa cha mtihani sawa na kalamu.

Njia ya tatu ni programu nyepesi za simu. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, ambacho kilihamishia mitihani yake mtandaoni mwaka 2020, kimekuwa kikitumia miongoni mwa zana zake The Invigilator, programu iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kuzingatia wanafunzi wenye simu za kawaida na data chache. Simu huwekwa kando ya mwanafunzi. Kwa nyakati zisizotabirika humtaka ajipige picha, na hunasa vipande vya sauti. Rekodi huweza kubaki kwenye simu na kupakiwa mtandao ukirudi. Kwa mji ambao mtandao huja na kuondoka, tofauti hiyo ni kubwa: kukatika kwa dakika ishirini hakuwi kosa ila kuchelewa. Kinachotakiwa ni simu yenye nafasi ya kutosha kwenye hifadhi, betri iliyojaa, na mazoea ya kuhakikisha kwamba upakiaji umekamilika kabla ya kuifunga programu. Anayeifunga mapema anaweza kuhesabiwa kama hakusimamiwa kabisa.

Karibu na kundi hili kuna vivinjari vinavyofunga kompyuta isifungue kitu kingine. Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo cha ETH mjini Zurich, ni ya bure na haimpigi mtu picha. Huzuia tu programu nyingine wakati wa mtihani. LockDown Browser ya Respondus hufanya kazi inayofanana. Zote mbili zina masharti ya mfumo wa kompyuta: laptopu inayotumia Linux haitazipokea, na kompyuta ya zamani ya sibakafe aghalabu haimruhusu mteja kusakinisha chochote.

Njia ya nne ni kusimamiwa ana kwa ana, katika kituo au na mtu aliyeidhinishwa. Hii ndiyo ya kale kuliko zote. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini wanafunzi walio nje ya kuta zake tangu 1858, na kwa muda mrefu kilitegemea vituo vilivyotapakaa duniani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kilijengwa juu ya vituo vya mikoa ambako wanafunzi hukutana kwa mitihani. Upande mwingine, University of the People ya Marekani, iliyoanzishwa 2009, iliwaruhusu kwa miaka mingi wanafunzi wake kumpendekeza msimamizi katika mji wao wenyewe, chuo kikamkagua na kumwidhinisha. Njia hii haihitaji video. Msimamizi hupewa neno la siri la mtihani au karatasi zenyewe, hukaa na mwanafunzi, kisha hutia saini. Intaneti ikikatika, yupo shahidi.

Njia ya tano ni kutokuwa na mtihani wa kusimamiwa. Baadhi ya programu za masomo hupima kwa miradi, ripoti, mitihani ya kuandikia nyumbani yenye siku kadhaa, au mahojiano ya mdomo kwa video. Mfano wa karibu upo ng'ambo ya mpaka, Rwanda: taasisi ya Kepler, iliyoanza Kigali mwaka 2013, ilishirikiana na Southern New Hampshire University kutoa shahada ya Marekani ambayo mwanafunzi aliipata kwa kukamilisha miradi na kuonyesha umahiri, si kwa kukaa mtihani wa saa tatu. Mwaka 2015 mpango huo ulifika kambi ya Kiziba, magharibi mwa Rwanda, ambayo wakazi wake wengi ni wakimbizi kutoka Kongo. Mahojiano ya mdomo nayo yana faida yake: huchukua dakika ishirini au thelathini badala ya saa tatu, na yakikatika hupangwa tena siku hiyohiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kurasa za vyuo hueleza masomo kwa urefu na usimamizi wa mitihani kwa mstari mmoja. Mstari huo haumtoshi mkazi wa Goma. Barua pepe kwa ofisi ya usajili inapaswa kupata majibu ya maandishi kwa mambo haya: ni kozi ngapi zina mtihani wa kusimamiwa, na zipi; ni programu gani inatumika, na kama inahitaji kompyuta au simu inatosha; ni nani anayelipa ada ya usimamizi; msimamizi wa ana kwa ana anakubalika au la; mtandao ukikatika, mwanafunzi ana dakika ngapi za kurudi, na muda uliopotea hurudishwa au hapana; mtihani ulioharibika hurudiwa lini na kwa gharama ya nani; na ni vitambulisho gani vya Kongo vinavyopokewa.

Jibu la swali la kukatika kwa mtandao ndilo lenye uzito kupita mengine. Vyuo vingine huacha saa iendelee kuhesabu mwanafunzi akiwa nje, vingine husimamisha saa. Kati ya vyuo viwili vyenye ada moja na sifa moja, kinachosimamisha saa ndicho kinachofaa Goma. Majibu hayo yahifadhiwe. Kanuni hubadilika kati ya muhula na muhula, na barua ya zamani huwa hoja wakati wa rufaa.

Kumpata msimamizi mjini

Pale chuo kinaporuhusu msimamizi wa ana kwa ana, Goma ina watu wa kutosha wanaofaa. Wahadhiri na wakutubi wa Chuo Kikuu cha Goma au wa chuo kikuu kingine cha mjini, ULPGL, mkuu wa shule ya sekondari, mkurugenzi wa masomo na mthibitishaji wa hati wa serikali ni aina ya watu ambao vyuo vya nje huwaelewa. Wanaokataliwa karibu kila mahali ni ndugu, mchumba, rafiki, mwanafunzi mwenzake, mtu anayeishi nyumba moja naye, na mara nyingi mwajiri au mtu aliye chini yake kazini. Mchungaji au padri hukubaliwa na vyuo vingine na kukataliwa na vingine, kwa hiyo huulizwa kwanza.

Kuna kikwazo kimoja kinachorudisha maombi mengi. Chuo hutaka anwani ya barua pepe ya taasisi anayofanyia kazi msimamizi, ilhali wengi hutumia Gmail kwa shughuli zote. Suluhisho ni barua rasmi ya taasisi, yenye kichwa, mhuri, saini, cheo na namba ya simu ya kazini, ikiambatanishwa na nakala ya kadi ya kazi. Barua iandikwe kwa lugha ya chuo kinachopokea, au iwe na tafsiri. Ombi hili huchukua wiki kadhaa kupita ofisi zote, hivyo huanzishwa mwanzoni mwa muhula.

Ombi lenyewe kwa mhadhiri au mkuu wa shule lifanywe kwa heshima ya kazi. Mwanafunzi huenda ofisini kwake, humweleza siku, saa, muda na wajibu wake kwa uwazi, humwachia karatasi ya masharti, na hukubaliana naye mapema kuhusu nauli au posho. Masharti ya chuo yasomwe kuhusu posho, maana vyuo vingine huikubali na vingine huitaka itajwe. Inafaa pia kuidhinishiwa msimamizi wa pili. Mhadhiri anaweza kuitwa safarini, kuugua au kukwama njiani barabara ikifungwa, na jina moja tu kwenye faili humwacha mwanafunzi bila mtihani.

Kuvuka mpaka kuingia Rwanda ni chaguo jingine. Gisenyi ipo umbali wa kutembea kutoka mtaa wa Birere, na Kigali ni safari ya basi ya saa tatu au zaidi kupitia Musanze. Anayechagua njia hii hukagua kwanza saa za kufunguliwa kwa vituo vya mpakani, Barrière ndogo na kubwa, hati inayotakiwa wiki hiyo, na gharama ya kulala. Kuvuka asubuhi ya mtihani wenyewe ni kamari, kwa sababu foleni au amri moja ya usiku inatosha kuuvuruga. Salama ni kulala ng'ambo.

Vitambulisho na majina

Mtihani unaweza kukwama kabla ya swali la kwanza kwa sababu ya jina. Mkongomani ana sehemu tatu za jina: jina, jina la pili liitwalo postnom, na jina la kwanza. Mfumo huo ulipata nguvu mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu iliposukuma majina ya Kizaire badala ya yale ya Kikristo. Fomu za vyuo vya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini huwa na nafasi mbili tu. Mtu hujaza postnom kwenye nafasi ya jina la ukoo katika fomu moja, huiacha katika nyingine, na siku ya mtihani programu inaona watu wawili tofauti. Tiba ni kuchagua mpangilio mmoja unaofuata kitambulisho herufi kwa herufi, na kuutumia kwenye usajili, akaunti ya mtihani, barua ya msimamizi na kadi ya malipo.

Kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika nchini kama kitambulisho cha muda, lakini ina mitego miwili. Maandishi ya kadi nyingi zilizotolewa katika uandikishaji wa 2022 na 2023 yamefifia kiasi cha kutosomeka kwenye kamera. Pia waliokimbia kutoka maeneo ya Masisi na Rutshuru, ambako vita vilizuia uchaguzi wa Desemba 2023, wengi wao hawakupata kadi hiyo kabisa. Mwenye pasipoti halali huitumia. Asiyenayo hukiomba chuo, angalau mwezi mmoja kabla, kikubali mchanganyiko wa hati: kadi iliyofifia pamoja na diploma ya serikali, kadi ya mwanafunzi yenye picha, au cheti chenye picha na mhuri. Kadi iliyofifia hupigwa picha mchana kwenye mwanga wa kando, na picha hiyo hutumwa kabla ya siku ya mtihani ili ofisa aidhinishe akiwa na nafasi ya kuikuza.

Chumba, umeme na mtandao

Chumba cha mtihani hakihitaji uzuri. Kinahitaji mlango unaofungwa, meza tupu, ukuta usio na maandishi nyuma ya mwanafunzi, na taa iliyo mbele ya uso. Dirisha likiwa nyuma, uso hugeuka kivuli, basi meza hugeuzwa. Kwa familia inayoishi vyumba viwili, mazungumzo ya siku iliyotangulia yana faida kuliko karatasi ya onyo mlangoni: watoto waende kwa jirani, redio izimwe, na kila mtu ajue saa ya kuanza na ya kumaliza. Mtaa wenye kanisa linalotumia vipaza sauti una ratiba inayojulikana, na mtihani huwekwa nje ya ratiba hiyo. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, saa za asubuhi kwa kawaida huwa tulivu kuliko alasiri.

Umeme wa Goma hauna chanzo kimoja. SNEL, shirika la umeme la taifa, hupokea kutoka mtandao wa Ruzizi. Virunga Energies hutegemea zaidi kituo cha Matebe, chenye uwezo wa megawati 13 na ushei, kilichozinduliwa Desemba 2015 huko Rutshuru. Kampuni ya Nuru ina mtambo wa jua wa megawati 1.3 uliozinduliwa 2020 katika eneo la Ndosho. Kwa mwanafunzi hali hiyo ni bahati. Umeme wa kampuni moja unapozimika, nyumba ya mtaa wa pili iliyounganishwa na kampuni nyingine huenda ina taa. Kwa hiyo chumba cha akiba hutafutwa kwa mtu anayetumia kampuni tofauti, na mwenyeji aarifiwe mapema. Penye mita ya kulipia kabla, salio huangaliwa jioni ya kuamkia mtihani, kwa sababu umeme ulioisha salio huzima kila kitu sawasawa na ule uliokatika.

Hata hivyo, salama zaidi ni mtihani unaoweza kumalizika kwa betri. Betri ya laptopu ipimwe kwa kazi halisi, kamera ikiwa imewashwa, si kwa asilimia inayoonyeshwa skrini ikiwa imetulia. Ikidumu saa mbili na mtihani ni wa tatu, inahitajika betri ya nje au paneli ndogo ya jua yenye betri yake. Simu inayotoa intaneti nayo huchajiwa na kuwekewa pawabanki. Kifaa cha intaneti cha nyumbani hula umeme kidogo sana kulinganisha na laptopu, na betri ndogo ya volti 12 hukiendesha kwa saa nyingi.

Kwa mtandao, kanuni ni laini mbili za kampuni mbili. Vodacom, Airtel na Orange hazizimiki zote kwa pamoja katika siku za kawaida. Mega hununuliwa jana yake kwenye laini zote mbili, mara mbili ya kiasi kilichokokotolewa, na muda wa kuisha wa kifurushi husomwa: kifurushi cha saa 24 kilichonunuliwa saa nne asubuhi huisha saa nne ya kesho yake, pengine katikati ya swali. Wanaoishi jirani na mpaka hutumia pia laini za Rwanda, ambazo hushika vizuri. Hakuna ubaya, ila programu ya usimamizi huona mwanafunzi wa Kongo akitokea Rwanda, na akibadili laini katikati huonekana amevuka nchi kwa sekunde moja. Jambo hilo hutangazwa kwa chuo kabla. VPN huzimwa kabisa, maana programu nyingi za mitihani huikataa.

Yote haya hujaribiwa mara moja kabla ya siku yenyewe, saa ileile ya mtihani, kwa jaribio la mfumo ambalo kampuni nyingi hulitoa bure. Jaribio la saa nne usiku halionyeshi hali ya mtandao wa saa nane mchana, wakati mji mzima uko kwenye simu.

Saa na malipo

Goma ipo saa mbili mbele ya saa ya dunia ya UTC, Kinshasa saa moja tu. Kompyuta iliyowekwa saa ya Kinshasa itamwonyesha mkazi wa Goma saa iliyo nyuma, na atauanza mtihani ukiwa umeshapita saa nzima. Kwenye mipangilio, jina sahihi ni Lubumbashi. Saa ya Afrika Kusini ni ileile ya Goma mwaka mzima. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zipo mbele kwa saa moja. Paris na Brussels hulingana na Goma majira ya kiangazi na hubaki nyuma kwa saa moja majira ya baridi. New York ipo nyuma kwa saa sita au saba, hivyo mtihani wa saa mbili usiku wa huko wakati wa baridi huangukia saa tisa alfajiri Goma. Anayepewa uhuru wa kuchagua saa achague asubuhi ya Goma, akiepuka jioni ambapo umeme huelemewa.

Ada ya msimamizi wa kamera mara nyingi hulipwa na mwanafunzi mwenyewe kwa kadi ya Visa au Mastercard, kwa kila mtihani. ProctorU kwa kawaida hutoza nyongeza kwa anayeweka miadi zikiwa zimebaki chini ya saa 72. Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, kujaza kadi kulikuwa safari, na wengi walitegemea pesa za simu au huduma za Gisenyi. Kwa hiyo malipo ya muhula mzima hupangwa mwanzoni, na chuo huulizwa kama ada hiyo inaweza kuingizwa kwenye karo, kulipwa na mfadhili, au kusamehewa. Kadi ya ndugu aliye Ulaya inaweza kutumika penye ruhusa, lakini jina la mwenye kadi na la mtahiniwa yakitofautiana, maelezo hutolewa mapema.

Faragha

Kamera inayozungushwa chumbani huonyesha vitu visivyo vya mtihani: kitanda, dawa, picha za familia, mtu aliyelala. Mahakama zimelijadili suala hilo. Agosti 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Ohio aliamua kwamba ukaguzi wa chumba cha mwanafunzi wa Cleveland State University kwa kamera ulikiuka haki yake ya kikatiba. Desemba 2022 mahakama ya utawala ya Montreuil, Ufaransa, ilisimamisha matumizi ya programu ya TestWe katika taasisi ya masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Paris 8. Vyuo vya Umoja wa Ulaya vinafungwa na kanuni ya data binafsi inayotumika tangu Mei 2018, na Kongo ina Sheria ya Dijiti ya Machi 2023, yenye sehemu ya ulinzi wa data.

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza rekodi inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani anaiona. Kivitendo, vitu vya siri huondolewa chumbani kabla, na hati ambazo zinaweza kumletea mtu matatizo katika mji uliopitia mabadiliko ya mamlaka haziachwi ukutani wala mezani. Programu ya usimamizi iliyowekwa kwenye kompyuta huondolewa mtihani ukiisha.

Mambo yanapoharibika

Mtihani ukikatika, dakika za kwanza ni za kujaribu kurudi na za kukusanya ushahidi kwa wakati mmoja. Skrini yenye kosa hupigwa picha kwa simu, saa ikionekana. Ujumbe wa kampuni ya umeme au ya simu huhifadhiwa. Kampuni ya usimamizi huandikiwa papo hapo kwa dirisha lake la mazungumzo, na mwalimu wa kozi huandikiwa barua pepe siku hiyohiyo. Barua hiyo ina mambo manne tu: jina na namba ya usajili, saa kamili ya kukatika kwa saa ya Goma na ya chuo, sababu pamoja na ushahidi, na ombi mahususi la kurudishiwa muda, kurudia mtihani au kuahirishiwa. Malalamiko marefu kuhusu hali ya nchi hayasaidii kama picha moja yenye saa.

Kwa maafa yanayojulikana duniani ushahidi ni mwepesi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliikosesha Goma umeme, maji na mawasiliano ya uhakika. Tarehe za matukio ya aina hiyo huthibitishwa na habari za vyombo vikubwa, na kiungo kimoja kinatosha kuambatanishwa. Kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja ndiko kunakohitaji uthibitisho wa karibu: barua fupi ya chefu wa mtaa, ya mwenye sibakafe, au ya msimamizi aliyekuwepo.

Alama ya tuhuma iliyowekwa na programu si hukumu. Mwanafunzi aliyetuhumiwa huomba kuoneshwa kipande cha rekodi kinachohusika, na huomba kikaguliwe na binadamu. Sauti ya mvua, jirani au jenereta huelezwa kwa rekodi fupi ya chumba hichohicho katika hali hiyohiyo. Rufaa nyingi zina siku chache za kuwasilishwa, na siku huanza kuhesabiwa tangu barua ya chuo ilipotumwa, si tangu iliposomwa. Kwa sababu hiyo sanduku la barua pepe hufunguliwa kila siku mpaka matokeo yatoke, hata kama ni kwa mega za kuazima.